Mkunga Hali

Alikuwa akimsema nani mke wangu, jioni ile ya majira ya baridi, alipomwambia rafiki yake kwenye simu, "Mkunga hali, shoga. Nadhani keshaamua"? Nimelibeba swali hili kwa miaka, nimekwenda nalo kazini na kurudi nalo, na hadi leo sina jibu ninaloweza kulisimamia. Ninachojua ni kwamba katika nyumba yetu ya Bordesley Green majira yale viumbe wawili walikuwa wameacha kula, na mimi nilikuwa na habari ya mmoja tu.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo, lakini wa bara huenda akayahitaji. Kwetu Unguja neno mkunga lina wenyewe wawili. Wa kwanza ni mwanamke anayewapokea watoto wanapozaliwa. Wa pili ni samaki mrefu, mwenye umbo la nyoka, asiye na magamba, anayekaa kwenye matundu ya miamba akatoa kichwa tu, huku anafumbua na kufumba kinywa kama mtu mwenye neno asiyepata pa kulianzia. Katika wingi sarufi huwatenganisha: wanawake ni wakunga, samaki ni mikunga. Katika umoja hakuna tofauti. Anakula, hali, ameamua, amekufa: kitenzi ni kile kile, na lugha yetu haiulizi kama anayesemwa ni mume au mke, mtu au mnyama.

Mke wangu alikuwa mkunga wa aina ya kwanza. Alisomea kazi hiyo Uingereza, akaajiriwa katika hospitali moja ya jiji la Birmingham, na kwa miaka kadhaa aliwapokea watoto wa Waayalandi, wa Wajamaika, wa Wapunjabi na wa wenyeji. Alikuwa akirudi nyumbani na habari zao: mama aliyemtukana mumewe kwa lugha ambayo mke wangu hakuijua, lakini kila neno akalifahamu, mtoto aliyetoka amekunja ngumi kama anadai mshahara. Alikuwa mcheshi. Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata hayatalionyesha.

Mtoto wetu, wa kike, alizaliwa maiti mwishoni mwa kiangazi. Kwa desturi ya hospitali za siku zile baba alingoja kwenye korido, na mtoto wa namna hiyo hakuonyeshwa mtu. Alifunikwa, akatolewa kwa mlango mwingine, na wazazi wakashauriwa warudi nyumbani wakajaribu tena. Sidhani kama waliotutendea hivyo walikuwa na nia mbaya. Waliamini kwamba asichokiona mtu hakimuumizi. Daktari alinishika bega akasema sisi bado vijana, na kwamba hospitali itashughulikia mengine yote. Nilimshukuru. Sikujua mengine yote ni yapi, na sikuuliza.

Kwetu mwanamke aliyejifungua, hata kama mtoto hakuishi, ni mzazi, na mzazi ana haki zake. Huwekwa ndani arubaini, mkunga huja kumkanda kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga. Nani angemfanyia hayo Birmingham? Katika jiji lile yeye ndiye mkunga pekee wa kwetu niliyemjua, na mkunga hajikandi mwenyewe. Nilijaribu. Nilichemsha maji, nikachovya taulo, nikamkanda mgongo kwa hofu kubwa. Baada ya muda akasema, "Wacha, bwana. Wanipangusa kama unaosha gari." Tukacheka kidogo, nikamwaga maji, na jambo hilo hatukulirudia.

Samaki aliingia nyumbani kwa sababu ya kicheko. Vuli ile tulikuwa tunatembea kuelekea kituo cha basi upande wa Ladywood, nyuma ya maghorofa mapya, tukapita mbele ya duka la samaki wa mapambo. Mke wangu, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akitembea bila kutazama kitu, akasimama.

"Tazama," akasema. "Mwenzangu yule."

"Nani?"

"Mkunga. Kafikaje huku, masikini?"

"Kama tulivyofika sisi."

"Sisi hatukuwekwa dirishani."

Alikuwa na rangi ya kijivu yenye vidoa vidogo vya manjano, urefu wake kama mkono wa mtu mzima tangu kiwiko hadi vidole, amejikunja kwenye kipande cha bomba la udongo. Tuliingia. Mwenye duka, mzee aliyevaa sweta la vifungo, alitueleza kwamba wa aina hii ni nadra, kaletwa kutoka Bara Hindi, na tofauti na jamaa zake wa baharini yeye haishi katika maji ya chumvi. Maji ya bomba yanamtosha. Mke wangu alikijua Kiingereza vizuri kuliko mimi, lakini alinigeukia kama mgeni anayengoja kutafsiriwa. Ulikuwa mchezo wake wa zamani, ambao nilidhani umekwisha.

"Anasema huyu ni wa maji baridi," nikamwambia.

"Baridi kama haya yetu ya bombani? Basi keshakufa, tunauziwa maiti."

"Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi."

"Mkunga wa maji yasiyo na chumvi." Aliyasema hayo polepole, akimtazama samaki machoni. "Na mie ndiye malkia wa hapa."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kirefu, lakini kilikuwa chake, kile cha puani, na sikuwa nimekisikia tangu kiangazi. Nilimnunua samaki pamoja na tangi, hita, pampu ya hewa na kila alichoniambia mzee yule. Kama kicheko kile kingeuzwa rafuni ningekibeba peke yake na samaki nikamwacha.

Tangi tuliliweka chumba cha mbele, kati ya dirisha na moto wa gesi. Mfuniko wake niliukandamiza kwa matofali, kwa sababu mwenye duka alituonya kwamba samaki huyu hutoroka. Asubuhi utamkuta zuliani, amekauka kama mshipi. Chakula chake kilikuwa vipande vya samaki, na kwa kuwa haoni vizuri, hutafuta kwa kunusa, ilibidi asogezewe hadi puani. Mke wangu alichoma kipande kwenye ncha ya sindano ya kufumia, akakishusha taratibu mbele ya bomba. Kichwa kilitoka, kikayumba kulia na kushoto, kikanyakua, kikarudi. Ilikuwa sindano ile ile aliyofumia shali jeupe la sufu, wakati tulipokuwa bado na sababu ya kufuma.

"Sasa nyumba hii ina wakunga wawili," alisema siku moja huku anaifuta sindano, "na haina mzazi hata mmoja." Alivunja sarufi kwa makusudi, wakunga badala ya mikunga, akaniangalia aone kama nimeliona kosa. Nililiona. Nikaendelea kusoma gazeti, maana sikujua uso gani wa kumwonyesha.

Mimi nilikuwa na digrii ya historia na kazi katika ghala la vipuri la kiwanda cha magari ya mizigo, Washwood Heath. Majira ya baridi nilitoka nyumbani giza na kurudi giza. Nikirudi nilikuta sahani yangu imefunikwa, na yake imeoshwa, imesimama kwenye kichanja cha vyombo. "Mie nimeshakula," alisema, nami nikala. Siku za mapumziko alikuwa akionjaonja jikoni, au ndivyo nilivyoamini, na mezani alijipakulia kidogo, akakisogeza huku na huku, akaondoka kwenda kumtazama samaki. Hakuwa amerudi kazini. Hospitali ilikuwa imemwambia achukue muda wake, naye aliuchukua.

Kisha samaki akaacha kula. Mwanzoni alichukua kipande akakitema. Baadaye hakutoa hata kichwa. Nilileta kome, nilileta kamba, nilichimbua minyoo bustanini katika ardhi iliyoganda. Mwenye duka aliniambia nisiwe na wasiwasi, samaki hawa huweza kufunga muda mrefu. Basi kila jioni, kabla sijavua koti, swali langu la kwanza lilikuwa hilo.

"Kala?"

"Hataki."

"Hata kile cha jana?"

"Bwana, nimekwambia hataki. Kitu kisichotaka kula hakilazimishwi."

Ndiyo miezi ile umeme ulipokuwa ukikatwa kwa zamu, kwa sababu wachimbaji waligoma na makaa ya mawe hayakufika mitamboni. Pampu ilinyamaza, hita ikapoa, na maji ya tangi yakaanza kufanana na maji ya nchi. Mara ya kwanza ilipotokea nilikimbilia kabati nikatafute blanketi. Niliporudi nilikuta mke wangu keshalizungushia tangi lile shali jeupe, kalikaza vizuri pembeni, kama afungavyo mtu anayejua kazi yake. Tangu hapo shali likawa la tangi.

Simu yetu ilikuwa ukutani, kwenye njia ya kuingilia. Jioni niliyoitaja nilikuwa jikoni, na yeye alikuwa akizungumza na rafiki yake, muuguzi Mkenya waliyefanya naye kazi hospitali moja. Nilisikia, kwa sikio la nusu, habari za wodi, za nani kahamishwa, kisha sauti yake ikisema bila uzito wowote: "Mkunga hali, shoga. Nadhani keshaamua."

Nilichofikiri, na nakiandika kama kilivyokuwa, ni kwamba lazima nijaribu kamba wabichi badala ya waliogandishwa. Kesho yake nilipitia sokoni nikawanunua.

Baada ya miaka nilimuuliza. Alikuwa anamenya vitunguu. "Nilimsema samaki, bwana," akanijibu. "Nani mwingine?" Na akaendelea kumenya. Hakuna mtu mwepesi wa kusema kweli kama mke wangu, wala hakuna mwepesi kama yeye wa kumhurumia mtu kwa uongo mdogo. Ndiyo maana jibu lake halikunisaidia.

Rafiki yake alikuja Jumapili iliyofuata, moja kwa moja kutoka kanisani, na kofia yake ya kanisani kichwani. Mkono mmoja alishika chupa ya chai, mwingine sufuria ya uji iliyofungwa kwa taulo. Alikuwa mtu wa bara, na kwa Kiswahili chake neno mkunga lilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

"Shemeji," akasema hata hajapangusa viatu, "mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa gani?"

"Wewe usinifanyie mchezo leo. Aliniambia mwenyewe kwa simu. Mkunga hali, mkunga ameamua. Mimi tangu siku hiyo sijalala."

Mke wangu alimsikia kutoka chumba cha mbele. "Shoga," akaita, "njoo umwone mgonjwa wako. Yu huku."

Mgeni akaingia, akafuata kidole, akainama mbele ya kioo na kofia yake. Samaki alikuwa ametoa kichwa nje ya bomba. Kinywa kilifunguka, kikajifunga.

"Ati huyo ndiye mkunga?"

"Ndiye."

"Huyo ni nyoka."

"Samaki, shoga. Kwetu jina lake hilo."

"Samaki gani hana mapezi ya maana? Yesu wangu. Kwa hivyo mimi nimeacha ibada katikati, nimepanda basi na uji moto kwa mapaja, kwa sababu ya nyoka?"

"Si umpe basi. Huenda akaukubali, chakula chetu kakikataa chote."

"Akunywe uji wa wimbi wa mama yangu? Heri nimwage kwa barabara."

Tulicheka sote watatu, na kwa muda mfupi chumba kile kilikuwa kama vyumba vingine. Alasiri ilikuwa imeanza kuingia kiza. Kisha pampu ikanyamaza, taa ikazimika, na mke wangu akainuka, bado anacheka, kuchukua shali. Alinyoosha mikono kulipitisha nyuma ya tangi. Mikono ya gauni ikaporomoka. Bangili zake mbili za dhahabu, ambazo siku ya harusi ilibidi mikono ipakwe sabuni ndipo zipite, zikateleza kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, zikagongana huko.

Rafiki yake ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alivua kofia akaiweka kitini. Alimwacha mke wangu amalize kufunga shali, ndipo akamshika mkono kwa vidole viwili, kama muuguzi anayetafuta mapigo, na akaniuliza mimi, si yeye:

"Na mkunga huyu mwingine, alikula lini?"

"Huwa anakula kabla sijarudi," nikasema.

"Ulimwona?"

"Sahani yake huwa imeshaoshwa."

"Sikuuliza habari ya sahani, shemeji."

Nilifumbua kinywa, nikakifumba. Mke wangu akasema, "Mwache. Anatoka giza, anarudi giza. Angeona wapi?"

Hapo ndipo nilipomwona. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilikuwa nimemtazama kila siku, na katika mwanga ule mbovu wa moto wa gesi nikaona shingo, nikaona mifupa ya mabega ndani ya gauni, nikaona kwamba mtu niliyekuwa nikimuuliza kila jioni kama samaki kala alikuwa anakufa mbele yangu kwa mwendo wa polepole, bila kelele.

Rafiki yake hakupoteza wakati wa kulaumu. Alimketisha, akamimina uji kikombeni, akampa. Mke wangu akaunusa.

"Hauna pilipili manga."

"Kwani kwenu uji unawekwa pilipili?"

"Wa mzazi, ndiyo."

Neno lile lilikaa hapo kati yetu. Hakuna aliyekuwa amemwita mzazi tangu kiangazi, hata yeye mwenyewe. Rafiki yake akaniangalia. "Shemeji, pilipili iko?" Nilikwenda jikoni na mshumaa, nikaitafuta, nikaitwanga, nikarudi nayo. Tukaitia. Mke wangu alikishika kikombe kwa mikono miwili, akapata joto lake, asinywe.

"Nataka kuuliza kitu," rafiki yake akasema, "na ukitaka unifukuze, nifukuze. Mtoto alizikwa wapi?"

Nilijibu mimi, kwa maneno niliyopewa: "Hospitali ilishughulikia."

"Hospitali ni jumba. Jumba halishiki jembe."

"Mie najua wanapokwenda," mke wangu akasema. "Nawapeleka mie."

Alikuwa anauambia uji. Alisema kwamba mtoto akizaliwa hivyo, kazi ya kumfunga ni ya mkunga. Humfunga kwenye kitambaa, akamshusha kwa ngazi za nyuma, ili mama wengine wasimwone, hadi chumba kilichoko chini kabisa. Mlangoni kuna mzee mmoja mpole. Humpokea kwa mikono miwili, husema asante, nawe unarudi juu kwa sababu kuna mwingine anasukuma. "Nimewapeleka wengi. Wa kila rangi. Sikumuuliza yule mzee hata siku moja, kutoka hapa wanakwenda wapi. Nilikuwa na kazi. Na hawakuwa wangu." "Wangu kapita ngazi zile zile. Kabebwa na mmoja wetu, ninamjua ni nani, na naye hakuuliza. Nikitia kitu mdomoni, shoga, namwona yumo njiani bado. Hakufika. Mie nitakulaje na mtoto hajafika?"

Rafiki yake hakumpinga, wala hakumwombea kwa sauti, ingawa alikuwa mtu wa sala. Mimi nikasema kesho nitakwenda kuwauliza.

"Ukenda weye watakupa chai," mke wangu akasema. "Wakupe na kiti. Wakwambie nyinyi bado vijana."

"Basi twende sote."

"Tukenda sote, mie mama wa mtoto, watanipa chai na kidonge. Ninawajua. Ningekuwa zamu ningekitoa mie hicho kidonge." Alitazama tangi, ambalo katika mwanga wa mshumaa lilionekana kama kitu kilichovikwa sanda. "Mama hajibiwi mle ndani. Mkunga hujibiwa. Nitavaa sare, nitashuka kwa mzee yule, nitamuuliza kama mtu wa kazi."

"Hiyo sare itakuning'inia kama iko kwa kamba," rafiki yake akasema.

"Nitaibana."

"Na kwa hizo ngazi utaanguka, tumbo tupu hivyo. Halafu watakulaza, halafu kidonge utameza tu."

Mke wangu akakiinua kikombe. Kisha akanywa. Hakunywa kwa hamu. Alimeza kama mtu anayemeza dawa ya mgonjwa mwingine, akapumzika, akameza tena, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Kikombe hakikwisha. Rafiki yake akasema kinatosha, tumbo lililofungwa muda mrefu halifunguliwi kwa mara moja, na sufuria akatuachia.

Umeme uliporudi, mgeni ameshaondoka, tulilifungua tangi. Samaki alikuwa amelala ubavu ndani ya bomba, anapumua.

"Si maji yake haya," mke wangu akasema. "Kwetu walikuwa wakikaa pale kijito kinapomwagikia baharini, kwenye mikoko. Maji si ya chumvi, si matamu. Ya kati. Huyu katiwa kwenye maji matamu akaambiwa ndiyo kwao."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu dukani."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nilikoroga chumvi ya jikoni kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, tukaimimina kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, tukingoja. Nitasema hapa hapa, ili msomaji asimngojee: chumvi ilichelewa. Alipata nguvu siku chache, akala kamba mmoja kwenye ncha ya sindano, kisha akafa kabla majira ya baridi hayajakwisha. Kama "keshaamua" ilikuwa habari yake, basi ilikuwa habari ya kweli.

Asubuhi ya Jumatatu sikwenda kiwandani. Mke wangu alitoa sare kabatini, akaivaa, akanipa mgongo niibane. Nyumba nzima haikuwa na pini ila zile za nepi, zenye vichwa vya plastiki vyeupe, tulizonunua mapema mno. Nilizipanga nyuma, kutoka shingoni hadi kiunoni, halafu akavaa koti juu yake. Alikunywa uji uliopashwa moto, wima, karibu na jiko. Alilikunja shali, ambalo kona yake moja ilikuwa bado na unyevu, akalitia kwenye mkoba bila kuniambia la nini. Kwenye basi tuliketi ghorofa ya chini, maana alisema nguvu zake anaziwekea ngazi za hospitali.

Tuliingia hospitali kwa lango la nyuma. Watu wawili walimsalimu kwa cheo chake, naye akawaitikia kwa sauti ya kazi niliyokuwa nimeisahau. Kwenye ngazi za chini, zilizopakwa rangi ya kijani hadi nusu ya ukuta, aliniambia nisimame. "Hapa hapa. Ukishuka weye nitakuwa mama." Akanipa koti. Akashuka mwenyewe, mkono kwenye reli, pini zimemetameta mgongoni. Nilimsikia akigonga.

Mzee alimfahamu. Alimwambia hajamwona siku nyingi, na kwamba kapungua. Mke wangu akasema ni kweli. Kisha, kwa Kiingereza kilichonyooka, kama anayeulizia shuka, akamuuliza wale watoto wanaoshushwa kutoka wodi yake hupelekwa wapi baada ya hapa.

Mzee alijibu bila kusita, kama mtu wa kazi anavyomjibu mwenzake. Gari la wazishi huja mwisho wa wiki. Huwa katika visanduku, kila mmoja na chake. Alitaja makaburi ya manispaa, akataja upande.

"Na wale wa mwisho wa kiangazi?"

Sikuweza kuwaona, lakini nadhani mke wangu aligeuka, au mzee alisogea, akaona zile pini za nepi, akaelewa. Nilisikia kiti kikivutwa. Sauti iliporudi ilikuwa ndogo, na haikumwita tena kwa cheo. Alimwambia anawakumbuka, kwa sababu walikuwa wachache wiki ile na mvua ilinyesha. Alimwambia mahali penyewe. Hakumpa chai.

Alipanda kwa taratibu, akipumzika kila baada ya vidato vichache. Nilimvika koti. Alikuwa mweupe midomoni, lakini alisimama kwa miguu yake.

"Wako kwenye ukuta wa nyuma," akasema, "karibu na bomba la kutilia maji maua. Wamelala pamoja." Akachukua mkoba wenye shali. "Twende. Basi la makaburini linapita hapa mbele."